Siku ya Kumwogesha Mtoto wa Shaba

Mkwe mwanamume hafiki kwa mama mkwe wake asubuhi mapema bila neno zito. Omara alilijua hilo, ingawa yeye alizaliwa mbali huko kaskazini, Lango, na Enid ni Mtooro wa Rukoki. Kwa hiyo Enid alipomwona amesimama nje ya ua na sare zake za jeshi, kofia mkononi, macho ameyapeleka kwenye migomba ili yasikutane na yake, aliacha kukamua, akajifuta mikono kwenye kitenge na kusogea hadi penye ua. Akasimama upande, kama adabu inavyotaka, wote wawili wakitazama migomba.

"Kuna msiba, mwanangu?"

"Hapana, mama. Watu yote iko salama." Omara aliizungusha kofia. "Ni ile mtoto."

Enid hakuuliza mtoto gani. Nyumbani kwa binti yake Phionah, kule Bwera, hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na sanamu ya shaba.

"Bado anaiogesha?"

"Hajaacha hata siku moja. Anachemsha maji, anaogesha, anapaka mafuta, anavalisha sweta. Hiyo nilizoea, mama. Mimi ni askari, nimeona watu wakirudi kwa vita na mambo mbaya zaidi. Lakini sasa na mimi nasikia."

"Unasikia nini?"

"Inacheka. Ndani ya maji inacheka." Kisha akasema kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "Mama, mimi naogopa nyumba yangu."

Enid alimwahidi kwamba atakuja. Alipobaki peke yake alirudi kwa ng'ombe, lakini maziwa yaligoma kushuka, au ni mikono yake iliyogoma kuyaita. Mikono hiyo hakuiamini tena tangu mwaka ule wa korona.

Mwaka ule mjukuu wake Jonan alikuwa ameanza kusimama kwa kushika miguu ya viti. Empaako yake, lile jina la heshima na mapenzi ambalo Mtooro husalimiwa kwalo toka utotoni hadi uzeeni, ilikuwa Apuuli. Phionah alimleta Rukoki aachishwe ziwa, kama mabinti wengi wanavyofanya, akae kwa bibi majuma machache kisha arudishwe Bwera. Gonjwa likaingia, barabara zikafungwa, mama akabaki Bwera na maziwa yakimuuma kifuani, mtoto akabaki kwa bibi. Ndipo alfajiri moja ya mwezi wa tano Mto Nyamwamba ukashuka kutoka Kilembe na mawe yanayotosha kujenga kanisa. Enid aliamka maji yakiwa magotini. Alimfunga mtoto mgongoni, fundo likalegea. Akamshika mkono. Ukuta ulipoanguka akamshika mguu. Jioni iliyotangulia alikuwa amempaka mafuta mwili mzima, maana ngozi yake ilikuwa ikikauka, na kile kifundo cha mguu kilichojaa mafuta kikapita katikati ya vidole vyake kama kambale.

Hakuonekana tena. Walimtafuta hadi kwenye matete ya ziwani wakakata tamaa, na kwa kuwa kaburi halichimbwi likaachwa tupu, wakazika shina la mgomba mahali pake. Phionah hakwenda kaburini. Alikuwa amefika kwa gari la jeshi ambalo Omara aliliomba, na wakati wengine wakiimba yeye alikuwa shambani kwa mama yake akichimba tope kwa kucha. Wakasikia ukelele wa furaha, ukelele ambao Enid anausikia hadi leo. Phionah alikuwa ameona mkono mdogo umechomoza kwenye tope.

Alichokitoa kilikuwa mtoto wa shaba, ukubwa wa kichanga cha siku chache, anatambaa, mkono mmoja ameuinua na ndani yake kitu cha duara. Watu walisema kimetoka kwenye mgodi wa shaba, huko juu Kilembe. Phionah alimpeleka kwenye beseni la Jonan, akamwosha, akamfuta na kumfunga kwenye leso, na siku aliporudi Bwera alikuwa naye kifuani. Tangu siku hiyo hakumwita tena mama yake Akiiki, ile empaako aliyomwitia tangu ajue kusema. Alimwita Mama tu, kama mtu anavyomwita mama yeyote wa sokoni. Majirani walimfariji Enid kwamba maji yakimwagika hayazoleki, wasijue jinsi neno hilo maji lilivyomchoma.

Basi alimwomba jirani amkamulie ng'ombe, akaenda Bwera.

Omara na Phionah walipanga chumba na sebule katika safu ya nyumba karibu na kambi, mahali ambapo ngurumo za malori yanayongojea kuvuka mpaka wa Mpondwe hazikomi. Aliyempokea Enid hakuwa mwanawe bali Kavira, jirani yao, mwanamke wa Kongo anayeuza vitenge sokoni.

"Ni weye mama ya Phionah? Afazali umekuya." Kavira alimvuta kando. "Batu banasema ni shetani ya Kongo. Mie ni mutu ya Kongo, na sijaona ile. Asubuyi tunasikia mutoto iko nacheka mu beseni. Tunaenda kuangalia, mutoto hakuna. Iko mama peke yake na ile chuma."

"Na wewe unaogopa?"

"Kucheka si mubaya sana," Kavira alisema. "Mie naogopa siku italia."

Phionah alitoka, amekonda, shingo imemrefuka. Alipiga magoti kumsalimu mama yake, kwa kuwa alilelewa vizuri, lakini salamu yenyewe ilikuwa kavu. "Umefika, Mama."

"Nimefika, Abwooli," Enid akamjibu kwa empaako yake. Phionah akaitikia kwa koo tu.

Ndani, kwenye kapu lililotandikwa blanketi, mtoto wa shaba alikuwa amevaa sweta ya kijani. Enid aliutambua kila mshono wake. Ni yeye aliyeifuma, kwa ajili ya Apuuli. Mkono wake ukanyooka bila kuambiwa, na Phionah akauweka mwili wake katikati.

"Usimguse." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonya mgeni kwamba jiko lina moto.

Asubuhi yake Enid aliketi kwenye kigoda nje ya bafu la mabati. Upande wa pili maji yalimwagwa, yakatulia, yakamwagwa tena. Phionah alikuwa akinong'ona maneno ya kumwogeshea mtoto, inua shingo, leta kwapa, ndiyo hivyo. Kisha katikati ya maji ikaja sauti nyingine. Ilikuwa kicheko kifupi cha tumboni, kile ambacho Apuuli alikuwa akikitoa maji ya vuguvugu yalipomfika kitovuni. Enid alikuwa amekisikia kila jioni kwa majuma mengi. Hakuna kicheko kingine duniani kinachofanana nacho. Akainuka, akachungulia.

Phionah hakuwa akicheka. Alikuwa ameuma midomo. Shaba ilikuwa kimya mkononi mwake, macho yake ya duara yameelekea juu. Na kwenye kitako cha beseni lilikuwa limetuama tope, jeusi, lenye chembe zinazong'aa kama mchanga wa Nyamwamba.

"Umeona?" Phionah alisema bila kugeuka. "Kila siku anatoka tope. Miaka hii yote namwogesha, na kila asubuhi namkuta na tope lilelile. Bado yuko mtoni, Mama. Mimi namtoa asubuhi, na ukiingia usiku mto unamchukua tena."

Enid aliingia ndani, akafunga mzigo wake. Alirudi Rukoki siku hiyohiyo.

Maziwa yake mengi Enid alikuwa akiyapeleka kwa Ramila, mjane wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasese. Walikuwa wamezoeana kwa miaka. Kesho yake alipofika na kopo lake, alimimina nje ya chombo, maziwa yakamwagika juu ya kaunta, kati ya misumari na makufuli.

"Mama Enid, wewe naumwa?" Ramila aliuliza. "Kaa chini. Sema."

Enid alisema yote. Alipofika kwenye sanamu, Ramila, aliyekuwa akifuta maziwa, aliweka kitambaa chini.

"Anatambaa? Mkono moja juu?"

"Ndiyo. Ameshika mpira."

"Iyo si mpira. Iyo ni siagi. Yeye anaiba siagi ya mama yake." Ramila alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji bila kujali sari yake. "Mtoto yako anaogesha yeye kila siku? Anavalisha? Anapa chakula? Anapeleka kulala?"

"Yote hayo."

"Nani alifundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha. Watu wanasema amerukwa na akili."

"Mama yangu alifanya hivyo kila siku mpaka alikufa," Ramila akasema. "Huyo ni mungu yetu, lakini akiwa mtoto. Mungu mkubwa unaogopa. Mungu mtoto unaogesha. Nyumbani kwetu hakuna mtu alisema mama yangu ni kichaa."

Kisha akamsimulia yale aliyoyasikia kwa baba yake, ambaye alizaliwa hapohapo Kasese. Wahindi walipofukuzwa nchini, wengine hawakutaka miungu wao waachwe kwenye nyumba tupu zitakazoingiliwa na askari. Waliwabeba hadi mtoni wakawaaga kwa nyimbo, wakawaachia maji, kwa sababu kwao maji ni njia ya heshima ya kumsindikiza mungu. "Labda huyu ni moja yao. Mto alikaa na yeye miaka hamsini. Halafu alichukua mtoto yako, akarudisha ya kwetu."

Mara aliposema hivyo Ramila aliona uso wa Enid, akajifunika mdomo. Lakini neno lilikuwa limetoka. Enid alilibeba njia nzima ya kurudi Rukoki, na lilikuwa zito kuliko kopo la maziwa.

Juma lililofuata Ramila alikuwa na mizigo ya kutoa forodhani Mpondwe. Alimpitia Enid kwa gari lake, wakafika Bwera pamoja. Phionah aliwafungulia mlango nusu. Alipomwona mgeni akakaza mkono kwenye mwimo wa mlango. Ramila alivua viatu hapo nje, akaingia kwa kuinama chini ya mkono wa Phionah, akapiga magoti mbele ya kapu na kuweka paji la uso sakafuni. Aliinua kichwa, akamrekebisha mtoto wa shaba kola ya sweta kwa kidole kimoja.

"Amekula?" akauliza.

Phionah alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Bado," akasema. "Nilikuwa… nilikuwa napoza uji."

"Mpe maziwa kwanza. Akitoka kuoga nasikia njaa sana."

Hapo Phionah alikaa chini kwa kishindo, akalia. Alilia kwa sauti iliyomfanya Kavira aje mbio na mwiko mkononi, na Omara, aliyekuwa nje akipiga viatu rangi, asimame mlangoni asijue la kufanya. Enid alisimama karibu na ukuta. Alitaka kumshika mwanawe na hakuthubutu.

Kilio kilipopungua, Phionah mwenyewe ndiye aliyemweleza Ramila habari za tope. Ramila alisikiliza kwa makini, kama fundi anayeelezwa ufa wa nyumba.

"Maji peke yake haiwezi kutoa tope ya mto," akasema. "Kwetu iko siku ya kuogesha mungu. Mwezi huu wa sita, mbalamwezi ikijaa. Maziwa, mtindi, samli, asali, sukari, ndiyo maji inafuata. Na si mama peke yake. Watu yote anaogesha. Leta yeye Kasese."

"Mtamchukua."

"Wewe utakuja na yeye mkononi yako. Ukitaka kurudi na yeye, utarudi na yeye. Mimi naapa kwa mama yangu."

Phionah alimtazama mtoto wa shaba muda mrefu, kana kwamba anamwuliza. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Hekalu la Kasese, ambalo watu huliita kanisa ya Wahindi, lilikuwa ukumbi mdogo mweupe nyuma ya maghala. Enid alikuwa mwanachama wa Umoja wa Akina Mama kanisani kwake, na alijua maneno yatakayomngojea Jumapili. Alivaa gomesi, gauni lake refu la sherehe, hata hivyo. Viatu walivirundika mlangoni. Omara alikuja na shati la kiraia lililopigwa pasi hadi likakakamaa, akasimama karibu na mlango mikono nyuma, kama yuko gwaride. Ndani kulikuwa na moshi wa udi, taa za samli, mashada ya maua ya manjano, na wanawake wameketi sakafuni wakiimba huku mmoja akigonga matoazi madogo. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia kupitia madirisha ya juu, na pamoja na hayo Enid alihisi baridi ya tope miguuni.

Kuhani wao, waliyemwita maharaji, alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti laini, hajui Kiswahili. Ramila alimfasiria. Alipoletewa mtoto wa shaba hakushangaa wala hakuhoji. Aliunganisha viganja, akamwinamia. Kisha akamwashiria Phionah amvue nguo mwenyewe. Phionah alifungua vifungo vya sweta ya kijani polepole, akaikunja na kuiweka mapajani. Bila sweta, mtoto alionekana mdogo. Mawe ya mto yalikuwa yamemkwaruza mgongo na kupinda goti lake moja, na chini, kati ya magoti, kulikuwa na tundu lililomwonyesha mtu kwamba ndani ni mtupu.

Wakamweka kwenye sinia kubwa la shaba. Maharaji akamwaga maji ya kwanza yenye manjano na majani ya mrihani. Mtoto akayumba. Lile goti lililopinda halikuweza kumsimamisha. Maharaji alimzuia kwa kidole, akawatazama, akasema neno.

Ramila alisita kabla ya kulifasiri. "Anasema ataanguka. Mtu moja ashike. Anasema mama amwage, bibi yake ashike."

Enid aliificha mikono ndani ya gomesi. "Mwambie ashike mwingine," akanong'ona. "Wewe shika. Mikono yangu haifai."

Nyimbo ziliendelea. Phionah alikuwa ameinua chombo kilichojaa maziwa hadi ukingoni, na maziwa hayo yalikuwa ya ng'ombe wa Enid, aliyoyakamua alfajiri ileile. Alimwangalia mama yake. Tangu mafuriko hakuwahi kumwangalia hivyo, usoni, bila kuyakwepesha macho.

"Mshike," akasema. "Mshike, Akiiki."

Enid alipiga magoti mbele ya sinia. Alipitisha mkono wa kushoto chini ya kifua cha mtoto, na wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kifundo cha mguu. Shaba ilikuwa baridi. Phionah akamwaga maziwa, yakashuka kichwani, kwenye macho ya duara, kwenye ule mkono ulioinuliwa. Ukafuata mtindi. Wanawake wakapandisha wimbo. Ikaja samli.

Samli ilipoenea, shaba ikaanza kuteleza. Enid alihisi kile kifundo kikisogea ndani ya kiganja chake, na papo hapo chini ya nyimbo, chini ya matoazi, akasikia mawe yakigongana. Alikuwa akiujua mlio huo. Akakaza vidole. Kitu kikavuta. Hakikuvuta kutoka mikononi mwa mtu. Kilivuta kutoka chini, kutoka ndani ya lile sinia lenye kina cha vidole viwili, kwa nguvu ya mto mzima, na mabega ya Enid yakainama hadi shada la maua likamgusa paji la uso.

"Ananivuta," alisema, asijue kama sauti imetoka.

"Usimwachie," Phionah akasema huku akimwaga. "Akiiki, usimwachie."

Asali. Sukari. Maji. Mikono ya Enid iliwaka moto begani hadi kwenye kucha. Chini ya vidole vyake baridi ya shaba ilikuwa imetoweka. Alichokishika kilikuwa cha vuguvugu, na kilikuwa kizito, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja na zaidi aliyelala. Hakufumba macho. Aliapa moyoni kwamba safari hii, liwalo na liwe, mto ukimtaka mtoto huyu utachukua na mikono yenyewe.

Hapo mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kimoja, kikubwa, cha mtoto aliyetolewa majini na kupata pumzi. Wakati huohuo maharaji alikuwa akipuliza kombe la baharini, na wengi baadaye walisema walichokisikia ni kombe. Lakini Ramila alikuwa amelidondosha kopo la asali. Na Omara, aliyekuwa mlangoni, alikuwa tayari ameshavuka ukumbi mzima na soksi zake, amepiga magoti nyuma ya mkewe, mikono ameinyoosha kama mtu anayetaka kupokezwa.

Kutoka kwenye lile tundu la chini tope likaanza kutoka. Lilitoka jeusi, zito, na vijiwe, na mizizi midogo, na mchanga unaometameta, likajaza sinia, likamwagikia sakafuni hadi kwenye pindo za sari. Wanawake walisogeza magoti lakini hawakunyamaza. Hakuna aliyeelewa jinsi umbo dogo namna ile lilivyohifadhi tope lote lile baada ya kuoshwa miaka minne. Maharaji hakuuliza. Aliomba maji zaidi, Phionah akamwaga, wakaletewa ndoo nyingine akamwaga, mpaka maji yakaanza kutoka meupe, na kuvuta kukakoma.

"Mwachie sasa," Ramila alimwambia Enid taratibu. "Imekwisha. Mwachie."

Enid alitaka kumwachia, akashindwa. Vidole vilikuwa vimejifunga. Phionah akaweka chombo chini, akaushika mkono wa mama yake, akaanza kuvifungua kidole kimoja kimoja, akianza na kile kidogo. Alipomaliza hakuuachia mkono. Alikaa nao mapajani, umejaa samli, juu ya ile sweta.

Walimkausha mtoto wa shaba, wakamvika nguo ya manjano na kilemba kidogo, wakamlaza kwenye bembea yenye kamba ya hariri. Phionah aliivuta kamba mara kadhaa. Watu walipewa kiganjani maziwa kidogo ya kuogea, yale ya mwanzo yaliyokingwa kabla ya tope. Enid alimfikiria mchungaji wake, kisha akanywa. Yalikuwa matamu kwa asali, na nyuma ya utamu kulikuwa na ladha ya mto.

"Nani atamwogesha kesho?" Phionah aliuliza.

"Mimi," Ramila akajibu. "Na siku wewe utakuja, ni wewe."

Phionah alitafakari. Akaiachia kamba, bembea ikaenda yenyewe kidogo, ikasimama. "Msimpe uji wa moto," akasema. "Hungoja upoe." Akatoka na sweta peke yake.

Siku hiyo hawakwenda Bwera moja kwa moja. Phionah aliomba wapite Rukoki, na kwa mara ya kwanza alikwenda nyuma ya nyumba mahali lilipozikwa shina la mgomba. Aliketi hapo hadi jua likageuka. Kisha akachimba kwa mkono, akaiweka sweta ndani, akafukia na kusawazisha udongo. Omara alisimama mbali na mama mkwe wake, wote wawili wakitazama upande mwingine, na ilikuwa mara ya kwanza Enid kumsikia mwanamume yule akilia.

Majuma yakapita. Phionah akarudi sokoni, akaanza kuuza vitenge pamoja na Kavira. Alikuwa akilala hadi kunapambazuka vizuri, Omara alisema kwenye simu, na Jumamosi nyingine alikwenda Kasese kuogesha, akarudi salama bila maneno mengi.

"Nyumba imenyamaza, mama," Omara alisema. "Hata panya haisikiki. Asante sana."

"Mungu ashukuriwe," Enid akajibu. "Waambie nawasalimu."

Hakumwambia mengine. Hakumwambia kwamba tangu siku ya hekaluni, alfajiri akiwa chini ya ng'ombe, amekuwa akisikia maji yakichezewa nyuma ya nyumba, hapo penye jiwe alilokuwa akimwogeshea Apuuli. Siku za kwanza aliganda na maziwa yakamwagika. Alifikiri kumwita mchungaji, akafikiri kumwita Ramila. Mwishowe hakumwita mtu. Baridi ya alfajiri pale chini ya milima ni kali, na maji ya kwenye pipa ni ya barafu, na alichokisikia kilikuwa kikitetemeka.

Kwa hiyo sasa Enid huamka mapema kidogo. Anawasha moto, anapasha maji hadi vuguvugu, anayajaribu kwa kiwiko na kuyaweka kwenye beseni juu ya jiwe, na leso safi pembeni. Kisha anakwenda kukamua, mgongo ameuelekeza huko, wala hageuki. Akimaliza anakuta maji yamepoa na leso ina unyevunyevu. Anaangalia kwenye kitako cha beseni kama kuna tope. Siku nyingi halipo. Anayamwaga kwenye miche ya kahawa, anajitwika kopo lake, na kushika njia ya kwenda Kasese.